Kadi Yako ya Benki Iko Wapi? Niliyojifunza Katika Upekuzi Mara Mbili

Mwanzoni mwa mwaka 2022 nilikuwa Afisa Kumbukumbu katika masjala ya wazi ya taasisi moja ya Serikali iliyopo Mtumba, nje kidogo ya Jiji la Dodoma. Siku moja mkuu wangu wa kitengo aliniita ofisini kwake, akafunga mlango, akaniambia kwamba jina langu limependekezwa kwenda masjala ya siri. Kwa asiyeifahamu kazi yetu, masjala ya wazi hutunza majalada ya kawaida, kama vile ya likizo, ya uhamisho na ya ununuzi wa shajala, ilhali masjala ya siri ina chumba chake na utaratibu wake, na majalada yake hayapiti mikononi mwa kila mtu. Mtumishi hapangiwi kukaa humo kabla hajafanyiwa upekuzi, yaani kuchunguzwa historia na mwenendo wake. Nilitoka pale na fomu ndani ya bahasha ya kaki na furaha ambayo haikumaliza siku mbili.

Nimechukua muda kabla ya kuandika haya, kwa kuwa sehemu kubwa ya yaliyonipata niliyataka mwenyewe. Hata hivyo nimeona vijana wawili wa ofisini kwetu wakiijaza fomu ileile kwa wepesi ule ule niliojaza nao mimi, na nimeona si haki kunyamaza.

Nianze na kesi. Novemba 2013, nikiwa nimemaliza shahada yangu Chuo Kikuu cha Dodoma na sijapata ajira ya kudumu, nilipanga chumba Chang'ombe katika nyumba yenye wapangaji sita wanaotumia mita moja ya LUKU. Kila aliyewahi kuishi hivyo anajua ugomvi wake: kuna mwenye friji, kuna mwenye pasi, na kuna asiyechanga kabisa lakini taa yake haizimwi. Usiku mmoja umeme ulikatika, zamu ya kununua ilikuwa ya jirani yangu, tukarushiana maneno uani, nami nikamsukuma. Aliangukia ukingo wa karo la kufulia, mdomo ukapasuka. Kesho yake alikwenda polisi, akapewa PF3, akatibiwa, na wiki mbili baadaye nilikuwa nimesimama mbele ya hakimu wa mahakama ya mwanzo, aliyekaa na washauri wawili wa mahakama, nikisomewa shtaka la shambulio. Nilijibu, "Ni kweli." Nilitiwa hatiani, nikapigwa faini ya Sh 50,000 au kifungo cha miezi miwili nikishindwa kulipa, na kuamriwa nimlipe mwenzangu fidia ya Sh 80,000. Mjomba wangu alitoka Kizota na fedha, tukalipa siku hiyo hiyo, nikapewa stakabadhi ambayo niliitia mfuko wa nyuma wa suruali. Suruali ilifuliwa nayo. Jirani yule tulipatana kabla ya Krismasi, tukala pamoja, na kwangu jambo lile likawa limezikwa.

Madeni yalikuja baadaye, na hapa ningependa sana kuandika kwamba nilikopa kwa sababu ya ugonjwa wa mama au ada ya watoto, maana hivyo ndivyo nilivyokuwa nikiwaambia watu. Ukweli ni kwamba nilikopa kwa sababu ya kiwanja. Baada ya Serikali kutangaza Julai 2016 kwamba inahamia Dodoma, na hasa baada ya Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu kuvunjwa Mei 2017 na kazi zake kuhamishiwa halmashauri, mji mzima ulishikwa na homa ya viwanja. Ukikaa kwenye mgahawa ulisikia Nala, Iyumbu, Ihumwa na Mkonze kuliko ulivyosikia habari za mpira. Mimi nilikuwa nimeajiriwa serikalini mwaka 2015, na kila aliyenizidi miaka miwili kazini alikuwa tayari na hati. Nilichukua mkopo wa benki wa Sh milioni 6 kwa miaka 6, nikanunua kiwanja Nala, nikaanza msingi.

Kwenye hati yangu ya mshahara tayari kulikuwa na makato ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, ambayo kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2016 yalipanda kutoka asilimia 8 tuliyokuwa tumeizoea hadi asilimia 15 ya mshahara. Ukijumlisha mkopo wa benki, mfuko wa pensheni, bima ya afya na kodi, nilibaki karibu kabisa na theluthi moja, yaani kile kiwango ambacho makato ya mtumishi hayaruhusiwi kukishusha zaidi. Kanuni hiyo ya theluthi iliwekwa kumlinda mtumishi, na inamlinda kweli dhidi ya benki na dhidi ya mwajiri. Haimlindi dhidi yake mwenyewe. Benki zikishakuambia kwamba huna tena nafasi ya kukopa, unaanza kutafuta wasioangalia hati ya mshahara, na mjini hapa hawatafutwi kwa tochi.

Agosti 2020 nilikwenda Majengo kwa mama mmoja niliyeelekezwa na mwenzangu. Alinipa Sh 300,000 kwa riba ya asilimia 30 kwa mwezi. Hakutaka mdhamini wala mkataba wa maana. Alitaka kadi yangu ya benki na namba ya siri. Akaniambia kwa upole, "Mwanangu, mimi sina shida na mtu. Mshahara ukiingia natoa changu, kinachobaki nakutumia kwenye simu." Mikopo ya namna hii watu wameipa jina la kausha damu. Kila mwezi alitoa Sh 90,000 za riba, na ile laki tatu ilibaki palepale kama jiwe la mafiga. Kwa miezi 18 nilimlipa Sh 1,620,000, na bado nilidaiwa Sh 300,000. Mke wangu hakujua. Alijua kadi imemezwa na mashine na kwamba benki inachelewa kutoa nyingine.

Hayo ndiyo yaliyokuwa nyuma yangu nilipoifungua ile bahasha ya kaki.

Fomu ilikuwa ndefu. Iliuliza wazazi, ndugu, mahali nilipoishi tangu utoto, shule, marafiki wa karibu, safari, wadhamini wanaonifahamu. Nilijaza kwa uangalifu mkubwa sehemu ya elimu. Sisi tuliokuwa kazini mwaka 2017 tulikuwa na hofu moja tu maishani, nayo ni vyeti, kwa kuwa Aprili 28 mwaka ule, hapa hapa Dodoma katika ukumbi wa chuo nilichosoma, Rais Magufuli alikabidhiwa taarifa ya uhakiki iliyokuwa na watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi, na ofisini kwetu viti viwili vilibaki vitupu wiki ile. Vyeti vyangu vilikuwa halali, kwa hiyo nilijiona msafi. Nilipofika kwenye swali la kama nimewahi kushtakiwa au kutiwa hatiani mahakamani, niliandika, "Hapana." Kwenye madeni niliandika mkopo wa Bodi na mkopo wa benki, basi.

Nataka nieleze nilivyojidanganya, kwa sababu naamini wengi hujidanganya kwa njia hiyo hiyo. Sikusema moyoni kwamba ninasema uongo. Nilisema kwamba kesi ya mahakama ya mwanzo iliyokwisha kwa faini ni ugomvi wa majirani, na kwamba swali lile linawahusu wezi na wauaji. Nilisema kwamba deni lisilo na mkataba si deni, ni msaada. Kumbe kutiwa hatiani ni kutiwa hatiani, iwe Mahakama Kuu au mahakama ya mwanzo, iwe kifungo au faini. Na swali halikuniuliza ukubwa wa kosa, liliniuliza kama lipo.

Wiki kadhaa baadaye niliitwa kwenye mahojiano. Walikuwa wawili, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi shingoni, na kijana ambaye hakusema neno tangu mwanzo hadi mwisho. Mama yule alianza kwa kunisalimia kwa Kigogo, "Mbukwenyi," nikaitikia, akaniuliza habari za wazazi huko Bahi kana kwamba ni jirani yetu. Tulizungumza nusu saa juu ya kazi. Kisha akafungua daftari lake, akasema kwamba mwenyekiti wa zamani wa mtaa wetu wa Chang'ombe ananikumbuka vizuri, "kwa lile jambo la LUKU."

Nilijaribu kucheka. Nikamweleza kwamba yalikwisha, tulipatana. Aliniuliza kama yaliishia uani au yalifika mahali pengine. Nikasema yalifika mahakamani. Aliandika mstari mmoja, hakuonyesha kushangaa wala kukasirika, kisha akageuza ukurasa.

"Kadi yako ya benki unayo hapo?"

Mkono wangu ulikwenda mfukoni wenyewe, ukaitoa pochi, nikaifungua mbele yake huku nikijua kabisa kwamba haimo. Nikasema, "Nimeisahau nyumbani, Mama."

Aliniangalia juu ya miwani. "Nyumbani kwa nani?"

Sikuwa na jibu. Kijana aliyekuwa kimya aliinua macho mara ya kwanza. Sijui mpaka leo walijuaje, au kama walijua. Huenda mama yule alikuwa amekwishaona watumishi wengi kiasi cha kutambua hati ya mshahara iliyobanwa hadi theluthi inamaanisha nini. Nilikiri kwamba iko kwa mtu ninayemdai, nikajisahihisha, anayenidai. Aliniuliza swali moja la mwisho, nalo ndilo lililonikalia kichwani miaka mitatu: "Na namba ya siri anayo?"

Mimi niliyekuwa naomba kukabidhiwa majalada yenye mhuri wa SIRI nilikuwa nimemwandikia mtu baki namba yangu ya siri kwenye kipande cha karatasi.

Baada ya hapo palikuwa na ukimya. Sikupewa barua wala sababu. Mwezi wa tano nilisikia kwamba mwenzangu mmoja amehamishiwa masjala ya siri, na mimi nikabaki kwenye kaunta yangu. Nilipomfuata mkuu wangu na kumweleza yote, alisikitika zaidi kwa fomu kuliko kwa kesi. "Ungeniambia siku ileile umetoka kwenye mahojiano," alisema, "ungeandika maelezo ya kurekebisha, nami ningeyapitisha. Sasa wameyapata kwa mwenyekiti wa mtaa, siyo kwako." Nilikuwa sijafikiria kabisa kwamba kosa la kwenye fomu linaweza kusahihishwa na mwenyewe kabla halijawa uongo rasmi.

Aliyenisaidia kuelewa mantiki ya jambo lenyewe ni binamu yangu anayeishi Marekani, ambaye alikwishapata uraia wa huko na alikuwa akiombewa kibali cha usalama kwa ajili ya kazi ya kampuni inayohudumia jeshi. Kwetu vigezo vya upekuzi havibandikwi ukutani. Kwao miongozo imechapishwa, na yeyote anaweza kuisoma: ipo 13, toleo linalotumika lilianza Juni 8, 2017, mmoja unahusu mwenendo wa kijinai, mwingine hali ya kifedha, na mwingine uaminifu wa mtu katika kujibu maswali. Binamu yangu alikuwa na deni la hospitali na la kadi ya mkopo, na alikuwa amewahi kukamatwa mara moja akiendesha gari amelewa. Nilidhani amekwisha. Alinieleza kwa subira kwamba hakuna kiwango cha deni ambacho kikifikiwa mtu anakataliwa moja kwa moja. Wanaangalia limetokana na nini, kama ni maradhi au kuachishwa kazi au ni anasa, na mhusika amefanya nini tangu alipolijua. Kwa kosa la jinai wanaangalia limepita muda gani, limejirudia au la, na mazingira yake. Kipo kizuizi kigumu zaidi kwa waliohukumiwa kifungo cha zaidi ya mwaka mmoja na kukaa jela angalau mwaka, lakini nacho kinahusu ngazi fulani za juu za siri. Fomu yao huuliza madeni yaliyochelewa katika miaka 7 iliyopita, na kuhusu kukamatwa huagiza uandike hata kama shtaka lilifutwa. Kudanganya kwa makusudi kwenye fomu hiyo ni kosa la jinai lenye adhabu ya hadi miaka mitano jela. "Deni lenyewe siyo linalowatisha," aliniambia. "Wanaogopa mtu ambaye mwingine anaweza kumvuta kwa deni hilo."

Tofauti moja ilinichoma. Yeye, kama angekataliwa, angepewa sababu kwa maandishi na nafasi ya kuzijibu. Alipata kibali chake baada ya mwaka na miezi, akiwa bado analipa deni la hospitali kwa utaratibu waliokubaliana. Sisemi kwamba utaratibu wa kwao uletwe hapa. Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970 na ile ya Idara ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1996 zina njia zake. Ila kwa mtumishi wa kawaida, kutokujua kwa nini umeachwa hukufanya ubuni sababu, na sababu ninazobuni mwenyewe huwa zinanipendelea.

Nilianza usafi na kadi. Nilimweleza mke wangu usiku mmoja tukiwa tumezima taa, kwa kuwa sikuweza kumtazama. Hakupiga kelele. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Baba watoto, mwezi wa sita zamu yangu ya upatu inafika." Fedha aliyokuwa ameipangia cherehani ya pili ndiyo iliyokwenda Majengo.

Yule mama alipokea Sh 300,000 yake, akazihesabu mara mbili, akaingia ndani na kurudi na kopo la maziwa ya unga. Alilifungua mbele yangu. Lilikuwa limejaa kadi za benki, zimefungwa mpira wa nywele kwa mafungu, na kila kadi ilikuwa imezungushiwa karatasi ndogo yenye jina, namba ya siri na mahali mtu anapofanya kazi. Alipekua kama mtu anayechambua mchele. Niliona kadi mbili zenye majina ninayoyafahamu, mmoja mwalimu wa Chamwino, mwingine wa jengo la jirani pale Mtumba. Mama yule alikuwa anajua nani amepanda cheo na nani yuko safarini na posho yake inaingia lini, kwa sababu kuyajua hayo ndiyo biashara yake. Kuanzia siku hiyo sikuhitaji mtu wa kunieleza kwa nini upekuzi unauliza habari za madeni. Nilikwenda moja kwa moja kwenye mashine ya kutolea fedha, nikabadilisha namba.

Kesi ilichukua muda zaidi. Sikuwa na stakabadhi, wala namba ya kesi, wala tarehe kamili. Niliandika barua kwa Hakimu Mfawidhi nikiomba nakala ya hukumu, nikaeleza mwaka, mwezi, kosa na majina yetu wawili. Karani, mzee aliyebakiza muda mfupi kustaafu, alinipokea vizuri lakini akaniambia, "Kijana wangu, uje Ijumaa," na Ijumaa hizo zilikuwa nne. Siku ya nne alitoa rejesta ya mwaka 2013, tukaipitia pamoja ukurasa kwa ukurasa hadi Desemba, na jina langu lilikuwa pale kwa wino wa bluu pamoja na namba ya stakabadhi ya faini niliyoifua. Ukilipa faini leo, piga picha stakabadhi kabla hujatoka kwenye geti la mahakama, na uandike namba ya kesi mahali pasipofuliwa.

Niliomba pia cheti cha polisi cha tabia njema, kwa kutumia namba yangu ya NIDA na alama za vidole, ili nijue kumbukumbu zao zinasema nini juu yangu. Kilitoka safi. Nakiri kwamba nilikaa na karatasi ile mkononi nikishawishika kuandika tena "Hapana," nikiwa na mhuri wa kuniunga mkono. Mke wangu ndiye aliyeniuliza kama mwenyekiti wa mtaa naye ametoa cheti. Kumbukumbu za jambo moja hukaa mahali pengi, kwenye rejesta ya mahakama, kwa majirani, kwa mzee wa baraza aliyekuwa mshauri siku ile, na cheti kinasema tu kilichomo kwenye kabati la aliyekitoa.

Kwenye madeni niliomba taarifa yangu kutoka kwa mojawapo ya kampuni za taarifa za wakopaji zenye leseni ya Benki Kuu ya Tanzania. Kila aliyewahi kukopa aiombe yake kabla ya fomu, siyo baada. Yangu ilionyesha mkopo wa zamani wa Sh 210,000 katika benki niliyoacha kuitumia mwaka 2016, ambao mimi niliamini umekwisha. Ilibaki riba iliyoendelea kuzaa. Nililipa, nikaomba barua ya kumaliza deni, na nikarudi tena kuhakikisha kwamba taarifa imebadilishwa, maana kulipa ni jambo moja na kufutwa kwenye kanzidata ni jingine. Kwa upande wa Bodi ya Mikopo mambo yalikuwa mepesi, kwa sababu tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani, ambayo Rais Samia alitangaza kuiondoa siku ya Mei Mosi 2021 pale Mwanza, haikuwa ikiongezeka tena, na deni lilionekana likishuka.

Kisha, nikiwa nimekwishajifunza yote haya, mwaka 2023 nilikopa Sh 80,000 kwenye programu ya simu. Sina utetezi. Mtoto alikuwa na homa, ilikuwa tarehe 19, na programu haikuniuliza kitu isipokuwa ruhusa ya kusoma majina yaliyomo kwenye simu. Nilichelewa siku tatu, na mkuu wangu wa kitengo akapokea ujumbe ukimtaka amhimize "ndugu yake" alipe. Dada yangu wa Kondoa alipata huo huo, fundi wangu bomba pia, na watu wawili ambao namba zao nilizihifadhi kwa shughuli za kiofisi tu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 zinazokopesha bila kibali, na wengi walishangilia kwamba madeni yao yamekufa. Mimi nilikuwa nimelipa, nikatunza ujumbe wa malipo. Kilichonisumbua ni kwamba nilikuwa nimeigawa orodha ya watu ninaofanya nao kazi kwa watu nisiowajua, kwa shilingi elfu themanini.

Mwanzoni mwa mwaka 2025 jina langu lilipendekezwa tena. Safari hii nilijaza fomu kwa siku tisa. Niliandika kesi, namba yake, adhabu na tarehe ya malipo, nikaambatisha nakala ya hukumu. Niliandika kausha damu kwa maneno hayo hayo, kiasi, riba, na kwamba nilikabidhi kadi na namba ya siri kwa miezi 22 tangu nilipoichukua hadi nilipoikomboa. Niliandika programu ya simu. Niliandika na jambo ambalo wengi hulisahau kwa kuwa halionekani kama deni lao: nilikuwa mmoja wa wadhamini watatu wa mwenzetu aliyekopa kwenye SACCOS, akaacha kazi na kuondoka Dodoma, na tangu Julai 2024 sehemu yangu ya Sh 1,080,000 nailipa mimi. Mwishoni nilieleza pia kwamba fomu yangu ya mwaka 2022 haikuwa ya kweli, na ni vipengele gani.

Waliokuja walikuwa wengine, wanaume wawili, wa haraka zaidi. Hawakunisalimia kwa Kigogo. Mmoja aliinua nakala ya hukumu, akalinganisha namba ya stakabadhi na niliyoiandika, akaweka alama, akaendelea. Kuhusu kadi hakuuliza kitu; aliuliza ni nani mwingine ofisini anayefahamu habari za Majengo. Nilimjibu kwamba mke wangu na mkuu wangu wanajua. Alitaka kujua kama nina sababu ya kuogopa wengine wakijua. Nikafikiri kwa dakika nzima, kwa sababu sikutaka kujibu haraka kama zamani, nikamwambia kwamba nitaona aibu, lakini sitalipa mtu ili anyamaze. Alifunga jalada.

Agosti nilipewa barua ya kupangiwa majukumu, nikala kiapo cha kutunza siri upya, nikakabidhiwa meza. Kiwanja cha Nala nilikiuza kabla ya hapo ili kumaliza mkopo wa benki mapema. Aliyekinunua ameukuta msingi wangu na amepandisha kuta hadi lenta. Deni la SACCOS bado ninalilipa, Sh 45,000 kila mwezi, na litakwisha Juni 2026.